Kifundo cha Mguu: Ishara za Kuamini na za Kutilia Shaka

Katika viwanja vya mchangani, kesi ya kifundo cha mguu huamuliwa kwa dakika moja. Mchezaji yuko chini, ameshika mguu, uso umekunjamana. Wenzake wanamzunguka. Mmoja anamwinua kwa kumshika kwapani, mwingine anampigia kelele: "Kanyaga! Hebu kanyaga!" Akikanyaga, hata kwa kuchechemea, hukumu inatoka papo hapo kwamba mguu haujavunjika, umeteguka tu. Anamwagiwa maji, anarudi kucheza au anakaa pembeni, na jioni anatafutiwa mtu wa kumchua. Akishindwa kabisa kukanyaga, hapo ndipo bodaboda inaitwa.

Hukumu hiyo si ya kijinga. Nusu yake imo hata katika kanuni zinazotumiwa na madaktari wa dharura duniani kote. Kasoro iko kwenye nusu iliyobaki. Vitu ambavyo wengi wetu tunavitegemea, yaani ukubwa wa uvimbe, ukali wa maumivu, mlio uliosikika na uwezo wa kutembea, vinatisha au kufariji kuliko vinavyoeleza. Ishara iliyo bora kuliko hizo zote haina kishindo: ni kidole kinachobonyeza mfupa mahali panapojulikana. Mtu yeyote anaweza kujifunza mahali hapo, ila lazima kwanza aelewe kifundo kimejengwaje.

Mifupa mikuu hapo ni mitatu. Miwili inashuka kutoka gotini. Mmoja ni mfupa mnene wa muundi, yaani tibia, ulio upande wa ndani. Mwingine ni fibula, mwembamba, upande wa nje. Ncha za chini za mifupa hiyo miwili ndizo zile nundu mbili unazoziona pande zote za kifundo. Katikati ya nundu hizo umechomekwa mfupa wa tatu, talasi, uliokaa kama ulimi wa ubao katika tundu alilochonga seremala. Tundu likibana sawasawa, wayo unapanda na kushuka bila kuyumba. Likilegea, hata kidogo, hasara ni kubwa kuliko unavyodhani. Mwaka 1976, Ramsey na Hamilton wa Marekani walipima kwenye miguu ya maiti wakaona kwamba talasi ikisogea upande wa nje kwa milimita 1 tu, eneo ambalo mifupa hiyo hugusana hupungua kwa asilimia 42. Uzito ule ule wa mwili unabaki kubebwa na sehemu ndogo zaidi ya gegedu inayofunika ncha za mifupa, na gegedu ikishalika haioti tena ikawa kama ilivyokuwa.

Mifupa hiyo imefungwa pamoja kwa ligamenti, nyuzi ngumu zinazotoka mfupa hadi mfupa. Upande wa nje ziko tatu, nyembamba. Upande wa ndani ni moja pana, nene, yenye nguvu sana. Halafu nundu ya nje imeshuka chini kuliko ya ndani. Ukiunganisha mambo hayo unaelewa kwa nini mguu ukikosea hatua kwenye ukingo wa barabara huwa unalala kwa ndani, wayo ukitazama mguu wa pili, na kinachoumia ni upande wa nje. Kati ya kuteguka 100 kwa kifundo, kiasi cha 85 ni kwa namna hiyo. Ligamenti ya mbele ya nje, inayotoka kwenye nundu kwenda kwenye talasi, ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo huanza kuchanika.

Hapo hapo kuna ishara ya kwanza ya maana ambayo watu hawaizingatii. Maumivu makali ya upande wa ndani baada ya mguu kupinda yachukuliwe kwa uzito kuliko yale ya nje. Ligamenti ya ndani ina nguvu kiasi kwamba mara nyingi hung'oa kipande cha mfupa kabla yenyewe haijakatika. Na mtu akiumia pande zote mbili, nje na ndani, huenda lile tundu limevunjwa kotekote na talasi haina tena kinachoizuia. Huyo asikanyage hatua hata moja, hata kama anasema anaweza.

Sasa tuwachukue mashahidi wetu wa kawaida mmoja mmoja.

Uvimbe. Ligamenti ya mbele ya nje inapochanika hukata na mishipa midogo ya damu, na ndani ya dakika chache hutokea nundu ya ajabu mbele ya kifundo, kubwa kama yai. Watu hushtuka. Kwa kawaida nundu hiyo huonyesha ligamenti imechanika, na wengi wenye uvimbe wa aina hiyo hawana mfupa uliovunjika. Kinyume chake, kuna majeraha mabaya yanayovimba kidogo tu. Mojawapo ni kuchanika kwa ligamenti za juu ya kifundo, zile zinazoifunga tibia na fibula zisiachane. Mchezaji mwenye jeraha hilo huwa amebanwa wayo chini huku mwili ukizunguka, labda mtu amemwangukia. Ukitazama kifundo chake unaona kama hakuna kitu. Lakini ukimbana muundi kwa mkono katikati ya mguu, ukiikaribisha mifupa miwili, maumivu yanajitokeza chini, juu kidogo ya kifundo. Ukimshika wayo ukauzungushia nje, anaruka. Jeraha hili hupona polepole kuliko kuteguka kwa kawaida, na hudharauliwa zaidi kwa sababu halina sura ya kutisha.

Pamoja na uvimbe kuna suala la rangi. Mabango ya huduma ya kwanza na vitabu vingi huonyesha kifundo chenye madoa ya zambarau na bluu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi ya Mwafrika, hasa iliyokolea, damu iliyovuja chini ya ngozi haionekani hivyo, na wapo watu walioambiwa hawana kitu kwa kuwa hakuna doa lililoonekana. Tazama vitu vingine: ngozi iliyovutika hadi ikang'aa, mistari ya kawaida ya ngozi iliyopotea, sehemu iliyo nyeusi zaidi ya ile ya mguu wa pili, joto ukiweka mgongo wa kiganja. Kisha tazama ukingo wa wayo, pale ngozi ya juu inapokutana na ya chini iliyo na rangi hafifu. Damu hushuka kwa uzito wake, na siku ya pili au ya tatu huonekana hapo na hata karibu na vidole. Mgonjwa hudhani ni jeraha jipya. Ni damu ile ile, imehama tu.

Maumivu nayo yana ujanja wake. Ligamenti iliyochanika nusu inauma kila ikivutwa. Iliyokatika kabisa haina tena cha kuvutwa, kwa hiyo baada ya mshtuko wa kwanza mtu anaweza kuhisi nafuu kuliko mwenzake mwenye jeraha dogo. Mlio pia hausaidii sana. Wapo wanaosikia "kaa!" na ikawa ligamenti, wapo wanaovunjika bila kusikia chochote.

Kutembea ndiko kunakowadanganya wengi zaidi. Fibula hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wa mwili. Mzigo mkubwa unapita kwenye tibia. Ndiyo maana mtu anaweza kuvunjika nundu ya nje na bado akatoka uwanjani kwa miguu yake, akapanda daladala, akafika nyumbani, akala chakula cha jioni.

Kano ya kisigino, ile nene inayoonekana nyuma ya mguu, ina visa vya aina hiyo hiyo. Aprili 12, 2013, Kobe Bryant wa Los Angeles Lakers alikatika kano ya mguu wa kushoto katika mechi dhidi ya Golden State Warriors. Alisimama kwenye mstari akapiga mitupo miwili huru, yote ikaingia, ndipo akatoka nje, akitembea mwenyewe. Kwa kanuni ya "kanyaga, hebu kanyaga", huyo alikuwa mzima. Anayekatika kano hiyo husema alihisi kama amepigwa teke au jiwe kwa nyuma, akageuka asimwone mtu. Kauli hiyo peke yake inatosha kumpeleka hospitali. Anaweza kutembea, na akilala anaweza hata kuinamisha wayo, kwa sababu misuli mingine ya nyuma inayokwenda kwenye vidole inamsaidia. Asichoweza ni kusimama kwa ncha ya vidole vya mguu huo mmoja. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mashine: alale kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, kisha uminye shavu la mguu. Kwa mtu mzima wayo unainama wenyewe. Ukikaa tu kimya, kano imekatika. Daktari wa Marekani T. Campbell Thompson alikieleza kipimo hicho mwaka 1962 na hadi leo kinatumiwa. Niongeze jambo moja kwa wale wanaonunua dawa dukani bila cheti: siprofloksasini, inayoitwa "sipro" kwa kifupi, na ndugu zake, zinajulikana kuongeza hatari ya kano hiyo kukatika, hasa kwa wazee na wanaotumia dawa za steroidi. Mzee aliyeanza kuumwa nyuma ya kisigino wakati anatumia dawa hiyo arudi kwa daktari kabla ya kumeza kidonge kingine.

Asidhani mtu kwamba kudanganyika ni kwa wasiosoma. Robert Jones wa Liverpool alikuwa miongoni mwa wapasuaji wa mifupa mashuhuri wa Uingereza. Alipokuwa akicheza dansi alihisi kitu kimeachia kwenye ukingo wa nje wa mguu wake. Alijikagua, akaamini kano imekatika. Picha ya eksrei, teknolojia iliyokuwa na miaka michache tu tangu Röntgen aigundue mwaka 1895, ilionyesha kwamba mfupa mrefu wa wayo unaoelekea kidole kidogo umevunjika karibu na shina lake. Mwaka 1902 Jones aliandika makala kuhusu majeraha ya aina hiyo, akajiweka mwenyewe miongoni mwa wagonjwa, na hadi leo mvunjiko wa sehemu hiyo unaitwa kwa jina lake. Kama mtu aliyeshika mifupa ya watu kila siku alishindwa kuutambua mfupa wake uliovunjika, sisi tunaosimama pembeni mwa uwanja tuna sababu ya kuwa wanyenyekevu.

Lakini unyenyekevu wa kila mtu kupigwa picha nao una gharama. Kufikia mwaka 1990 hospitali za Kanada zilikuwa zikipiga picha karibu kila kifundo kilichoingia mlangoni, na nyingi mno hazikuonyesha mvunjiko wowote. Ian Stiell na wenzake wa Ottawa waliamua kuuliza swali kwa utaratibu: katika yote ambayo daktari huuliza na kugusa, ni yapi hasa yanayotabiri mfupa uliovunjika? Waliwakagua wagonjwa 750, wakaandika kila ishara kabla ya picha kusomwa, kisha wakalinganisha. Matokeo waliyoyatoa mwaka 1992 yaliacha ishara chache mno. Uvimbe haukuwamo. Ukali wa maumivu haukuwamo. Mlio haukuwamo.

Waliobaki ni mashahidi hawa. Bonyeza ukingo wa nyuma wa nundu ya nje, kuanzia sentimita 6 juu ya ncha, ushuke hadi kwenye ncha yenyewe. Fanya hivyo hivyo kwenye nundu ya ndani. Kisha mwambie mgonjwa atembee hatua 4. Kama mfupa unauma unapobonyezwa katika mojawapo ya sehemu hizo, au kama hakuweza kwenda hatua 4 pale alipoumia na hawezi tena mbele ya daktari, apigwe picha. Kwa wayo ziko sehemu mbili za ziada: shina la mfupa ule wa kidole kidogo, ambalo ni kigongo unachoweza kukipapasa katikati ya ukingo wa nje wa mguu, na mfupa wa navikula, ulio upande wa ndani juu ya tao la wayo. Hakuna maumivu hapo na hatua 4 zimekwenda? Mfupa, karibu kwa hakika, ni mzima.

Kila neno katika kanuni hiyo lina sababu. Ni ukingo wa nyuma kwa kuwa mbele ya nundu ndiko ligamenti ilikochanika, na ukibonyeza hapo kila aliyeteguka atapiga kelele, mwenye mvunjiko na asiye nao. Kidole kianzie juu, mbali na maumivu, kishuke taratibu, kwa sababu mtu akishaumizwa mara moja hutasikia tena tofauti. Na hatua 4 zinahesabiwa hata za kuchechemea, ilimradi uzito unahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine mara mbili kila upande. Wale wa mchangani walikuwa na nusu hiyo ya pili tu.

Je, kanuni hiyo inafanya kazi nje ya Ottawa? Mwaka 2003 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya tafiti 27 kutoka nchi mbalimbali. Walioambiwa na kanuni kwamba hawahitaji picha, chini ya 2 kati ya 100 ndio waliokuja kukutwa na mvunjiko. Na picha zilizopigwa bila sababu zingepungua kwa asilimia 30 hadi 40. Fikiria maana yake kwa zahanati iliyo saa kadhaa kutoka kwenye mashine ya eksrei iliyo karibu, ambako afisa tabibu inabidi aamue kama familia iuze kuku na kukodi gari au la. Kanuni hii haimgharimu hata senti. Kwa maoni yangu ilipaswa kuwa imebandikwa ukutani katika kila zahanati, kando ya mabango ya chanjo.

Ina mipaka yake, hata hivyo, na mipaka hiyo ndiyo wengi huisahau. Haifai kwa mlevi, kwa sababu pombe imeshaufunga mfupa mdomo. Haifai kwa aliyeumia pia mahali pengine vibaya, kama aliyegongwa na gari akavunjika paja. Hatahisi kidole chako kwenye kifundo. Ukikuta mguu umevimba kiasi kwamba hupati mfupa wa kubonyeza, usijifanye umeupata.

Watoto ni suala jingine. Utafiti wa awali ulikuwa kwa watu wazima, na mfupa wa mtoto haujengwi kama wetu. Karibu na kila ncha pana tabaka la gegedu linalourefusha mfupa, na tabaka hilo ni dhaifu kuliko ligamenti iliyo jirani. Pigo ambalo kwa baba lingechana ligamenti, kwa mtoto wa miaka 10 linaweza kupasua tabaka la ukuaji. Robert Salter na Robert Harris wa Toronto waliyapanga majeraha hayo katika makundi 5 mwaka 1963. Baya lake ni kwamba baadhi hayaonekani kwenye picha siku ya kwanza, na yakiachwa mfupa unaweza kukua kwa kupinda au kuacha kukua. Kwa hiyo mtoto anayelia ukibonyeza nundu yenyewe achukuliwe kuwa amevunjika mpaka ithibitike vinginevyo, hata picha ikiwa safi.

Na kuna jeraha la mtoto ambalo barabara zetu zimelizoea: mguu kuingia kwenye spoku. Mtoto amepakiwa nyuma ya baiskeli au pikipiki, miguu inaning'inia, gurudumu linaushika mguu na kuubana dhidi ya fremu. Anapotolewa, unachokiona ni mchubuko karibu na kisigino au juu ya nundu, pengine hata si mkubwa. Mama anaosha, anapaka dawa, anafunga kitambaa. Kilichotokea ndani ni kwamba ngozi imesagwa na kuvutwa ikaachana na nyama iliyokuwa ikiilisha damu. Baada ya siku chache ngozi ile inageuka ngumu na nyeusi, inakufa, na chini yake panaweza kuwa na kano ya kisigino iliyo wazi. Mtu asiukadirie mguu huu kwa sura ya siku ya kwanza. Mguu ulioingia kwenye spoku uonwe na daktari siku hiyo hiyo, na kidonda kikaguliwe tena baada ya siku mbili tatu bila kungoja kinuke.

Wenye kisukari wa muda mrefu wana hatari iliyo kinyume na ya mtoto yule: mguu wao haulalamiki. Mishipa ya fahamu imekufa ganzi, hivyo mtu anaweza kuvunjika mifupa midogo ya kifundo na wayo asijue, akaendelea kwenda sokoni, na kila hatua ikazidi kuisaga. Kiungo cha namna hiyo hubeba jina la Jean-Martin Charcot, daktari wa Ufaransa aliyekieleza mwaka 1868 kwa wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imeharibu mishipa yao ya fahamu. Siku hizi chanzo kikuu ni kisukari. Ishara yake ni mguu mmoja uliovimba, wenye joto kuliko wa pili, na wenye maumivu madogo yasiyolingana na uvimbe huo. Mara nyingi huchukuliwa kuwa ni maambukizi, mgonjwa akapewa vidonge vya antibayotiki akarudi nyumbani kwa miguu, na hapo ndipo ubaya ulipo, maana anachohitaji kuliko chochote ni kuacha kuukanyaga.

Ziko ishara ambazo hazihitaji kanuni wala kidole. Wayo uliogeukia upande usio wake. Mfupa unaosukuma ngozi kutoka ndani hadi ngozi ikakakamaa na kupoteza rangi. Ngozi hiyo inaweza kufa ndani ya saa chache kama kiungo hakijarudishwa mahali pake. Jeraha lililo wazi juu ya mvunjiko, hata tundu dogo linalovuja damu. Vidole baridi au vyenye ganzi: bonyeza ukucha wa dole gumba hadi upauke, uachie, na rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi, ikichelewa, damu haifiki. Na maumivu yanayozidi saa baada ya saa ingawa mguu umetulizwa, hasa kama kuvinyoosha vidole kunamfanya mtu apige yowe. Hapo ni kufunga gango kama mguu ulivyo, bila kuuvuta, na kwenda hospitali usiku huo huo.

Najua ninapogusa kuchua nagusa mambo ya watu. Karibu kila mtaa una mama au mzee mwenye mikono inayosifiwa, na wapo wenye busara wanaokataa kugusa mguu wasiouelewa. Lakini kukanda kwa maji ya moto saa ile ile ya kuumia kunafungua mishipa ambayo mwili unajaribu kuifunga, uvimbe unaongezeka, na kuvuta kiungo kunaweza kuachanisha mfupa uliokuwa umepasuka tu bila kusogea. Kuna hasara ya pili isiyotajwa: baada ya kuchuliwa, kila mahali panauma, na ile ramani ya Ottawa imefutwa. Daktari akibonyeza kesho yake hapati jibu. Kama ni lazima ufanye kitu, inua mguu juu ya mto, funga bendeji isiyokaza, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hivi ili kupunguza maumivu. Bendeji ya kukaza na mabanzi yaliyofungwa kwa kamba kwa nguvu zote ni hatari kuliko jeraha lenyewe, kwa maana mguu utaendelea kuvimba na kamba haitalegea.

Mvunjiko ukishaondolewa shaka, linabaki swali la ligamenti: imevutika tu, imechanika nusu au imekatika? Siku ya kwanza swali hilo halijibiki vizuri. Kila kitu kimevimba na mgonjwa amekaza misuli. Niek van Dijk wa Amsterdam na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba uchunguzi wa mikono ukifanywa siku ya tano hivi hutambua ligamenti iliyokatika kwa usahihi ambao siku mbili za mwanzo haziwezi kuutoa. Daktari hushika kisigino kwa mkono mmoja, akazuia muundi kwa mwingine, akauvuta wayo mbele. Ukisogea kupita ule wa pili, na ngozi ikabonyea kidogo mbele ya nundu ya nje, ligamenti imekwenda. Kwa hiyo ile kauli ya "rudi baada ya siku tano" isichukuliwe kuwa ni namna ya kukufukuza. Hiyo ndiyo siku ya uchunguzi wenyewe.

Habari njema ni kwamba hata ligamenti iliyokatika mara nyingi haihitaji kisu. Inahitaji kulindwa wiki kadhaa na kisha kufundishwa upya, kwa kuwa ndani ya ligamenti kuna vihisio vinavyouambia ubongo mguu uko wapi. Hivyo navyo vimeumia. Simama kwa mguu mmoja, kisha ufumbe macho. Ukiyumba upande ule tu ulioumia, kifundo hakijapona, hata kama hakiumi. Ni watu wengi wanaorudi uwanjani wakiwa katika hali hiyo, na wasio wachache hubaki na kifundo kinachoponyoka kila mara: kwenye ngazi, kwenye kokoto, kwenye shimo dogo la barabarani.

Kifundo kinachoponyoka hakibaki kilivyo. Kila kinapopinda, talasi inagonga kingo za tundu lake. Dalili zikibadilika zikawa maumivu ya ndani kabisa, kiungo kinachokwama ghafla au kinachovimba kila baada ya mechi, gegedu imeshaguswa. Marco van Basten alikuwa na miaka 28 alipocheza mechi yake ya mwisho, fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya AC Milan na Marseille, Mei 26, 1993. Upasuaji wa mara kwa mara haukumrudisha, na mwaka 1995 akatangaza kustaafu. Huyo alikuwa mshindi wa Ballon d'Or mara 3, mwenye kila daktari ambaye pesa ingeweza kumleta.

Neno dogo kuhusu kifundo kilichovimba bila ajali yoyote. Vikivimba vyote viwili kwa pamoja, tafuta sababu kwenye moyo, figo, ini au, kwa mjamzito, shinikizo la damu. Huyo asikae nyumbani. Kikivimba kimoja ghafla, kikawa cha moto, na mtu ana homa, huenda ni usaha ndani ya kiungo, na hapo zinahesabiwa saa. Mtoto mwenye selimundu aliyevimba kifundo asichuliwe wala asikandwe, apelekwe.

Nawe uliyepigwa picha ukaambiwa mifupa ni mizima, jua picha hiyo imejibu swali moja tu. Eksrei ya kawaida haionyeshi ligamenti, haionyeshi kano, na haionyeshi gegedu. Zikipita wiki 6 na bado huwezi kushuka ngazi bila kushika ukuta, au kusimama kwa vidole vya mguu huo peke yake, rudi hospitali na useme hivyo hivyo.